Kialamisho cha Kiazi Kitamu

Leo jikoni kwangu nimenusa masizi na mafuta ya alizeti, nikaikumbuka jioni moja ya utotoni. Kabla yake mambo yalikuwa hivi: alizeti ilikwisha kuvunwa, zizini mlikuwa na ng'ombe wageni walioletwa kutoka Shelui, na dada yangu alikuwa amenisomea kitabu kimoja hadi katikati. Niliambiwa kwamba kesho yake angekwenda Shelui kusalimia tu. Hata hivyo, mama alikuwa akikunja nguo zote za dada, hata sweta, nami sikuelewa kwa nini.

Ili tusipoteze mahali tulipofikia, niliamua kutengeneza kialamisho. Nilikata kiazi kitamu, nikachonga ua la alizeti kwa kisu, nikalipaka masizi ya sufuria yaliyokorogwa kwa mafuta, kisha nikaligandamiza kwenye kipande cha boksi la sabuni.

"Hilo ua au mavi ya mbuzi?" dada aliuliza akicheka.

"Ni alizeti. Itatushikia ukurasa mpaka urudi."

Kicheko kilikatika. Alilipuliza ua likauke, akakiweka kialamisho kwenye ukurasa wa mwisho.

"Dada, huko hatujafika!"

"Utafika. Kusoma si unajua?"

"Kwani unarudi lini?"

Alimtazama mama. Mama aliendelea kukunja.

Asubuhi aliondoka, ng'ombe wa Shelui wakabaki zizini. Kitabu nilikisoma peke yangu, polepole, hadi kwenye ua lile, na kitanda chake kikawa cha wageni.