Saumu ya Kushona

Enzi zetu Kibuta, siku za vijiji vya ujamaa, watoto tulikuwa na saumu ya kushona. Leo unafunga mpaka adhuhuri, kesho mpaka adhuhuri, halafu bibi anakwambia amezishona pamoja, umepata siku moja. Mimi na Sikudhani wa mama Mwanahawa tulishona weee, mpaka mwaka ule mwenzangu akafika magharibi. Akaitwa kwenye mkeka wa kina mama, akapewa bakuli lake mwenyewe la uji wa pilipili manga. Mimi nikabaki na watoto wa kulamba vidole.

"Mshona viraka huyo!" akanicheka.

Nikaapa kesho nafika. Nikashindwa. Nikaapa tena, nikashindwa tena. Ulikuwa msimu wa korosho, tukitoka shule tunaokota, na mabibo mekundu yananukia, maji yanadondoka yenyewe. Nani angeweza?

Shangazi Mwanaidi alikuwa akisuka ukili upenuni. Akaniambia, "Kiapo hakishibishi, mwanangu. Njaa ikikuita, iitikie kwa kazi. Na huko kwenye mabibo unafuata nini? Wenzio waokote, wewe ubebe."

Basi nikabeba. Tumbo likinguruma, najitwika kikapu. Likinguruma tena, nashika ufagio. Alasiri midomo imekauka kama ganda la muhogo, mama akaingiwa na huruma.

"Tatu mwanangu! Njoo unywe maji, utamalizia mwakani."

"Abee mama, nina kazi!"

Walicheka mpaka nyumba ya pili. Uwanja wetu siku ile ungeweza kulia wali chini. Adhana ilipolia, ladha ya uji siikumbuki. Nakumbuka Sikudhani akisogea, kunipa nafasi mkekani.

Mikorosho ile leo ni viwanja vya watu. Sisi tulikuwa tunaapa mbele ya bibi mmoja tu, tena mkali. Mjukuu wangu Husna, ninayekaa naye huku mtaa wa Picha ya Ndege, kila Januari anaandika malengo kwenye simu, watu wanampongeza, Februari kimya. Siku hizi hata kuapa kuna mashabiki!

Juzi akaja kichwa chini. Anataka kuwa fundi nguo, ila hasongi mbele.

"Bibi, nianzeje tena?"

"Ile cherehani ya mkono niliyokupa iko wapi?"

"Uvunguni."

"Na simu?"

Akaficha mkono nyuma. Tukabadilishana: simu uvunguni, cherehani mezani, hapo anapopita akitoka kuswali.

Leo asubuhi, chai yangu haijapoa, nimeisikia cherehani inalia. Nikachungulia. Anashona viraka vya mto.

Nikarudi kwenye chai yangu. Na mimi nilianzia kwenye viraka.