Marahaba Kutoka Upande Wenye Kivuli

Mpira wa kikapu naupenda kuliko unavyonipenda. Nilipoingia chuo nilijaribu kujiunga na timu. Kocha akaniangalia kuanzia viatuni, akafika kichwani mapema mno, akasema, "Wewe kijana, una sauti nzuri." Ndivyo nilivyopewa ushabiki.

Nikaushika kwa mikono miwili. Silaha yangu ilikuwa neno moja. Mchezaji wa wapinzani akichezewa rafu hupewa mtupo huru: anasimama peke yake mbele ya kikapu, hakuna wa kumzuia, uwanja mzima kimya. Hapo ndipo naliachia, kwa unyenyekevu wa mtu aliyekwenda kuposa: "Shikamooo!" Kijana wa watu anazeeshwa mbele ya wasichana. Akicheka, mkono unalegea. Akikasirika, unakakamaa. Vyovyote vile, mpira unagonga chuma. Hata muuza chipsi wa Ipagala, ninakopanga, alikuwa akinipimia akisema, "Leo umewaamkia wangapi?"

Jumamosi moja tulicheza na chuo cha jirani. Walikuwa na kijana mmoja mrefu, mkimya, ambaye pointi zao karibu zote zilitoka mikononi mwake. Alipopewa mtupo wa kwanza nikajaza mapafu vumbi la Dodoma nikaamkia.

"Marahaba, baba! Hamjambo hapo?"

Sauti ilitoka nyuma yangu, safu ya pili. Mzee mmoja wa koti la kahawia, kofia ya kufuma kichwani, begi la safari magotini, alikuwa amesimama nusu, mkono juu, ananiitikia. Jukwaa likalipuka. Yule mrefu akakosa.

"Umenishtua," mzee akaniambia, anatabasamu. "Huku mjini tunaambiwa vijana hamna salamu. Na wewe unaniamkia mbele za watu hivi!"

"Ndiyo, mzee," nikasema. Ningesema nini?

"Nimeshuka na basi la Kondoa asubuhi hii. Yule mrefu ni wangu. Sijawahi kumwona akicheza."

"Mzee, mashabiki wa timu yake wanakaa kule."

"Kule kuna jua."

Hapo nilikuwa nimeshajua kila kitu. Ningeweza kunyamaza. Lakini wenzangu walikuwa wananifinya mbavu, "Rudia, rudia, mzee aitikie!" na simu zimeshainuliwa kurekodi. Mtupo uliofuata nikaamkia. Mzee akaitikia. Watu wakalia kwa kicheko, naye akacheka nao, akidhani kwa moyo mweupe kabisa kwamba ndivyo mchezo huu unavyochezwa. Nikarudia tena. Kila mara mwanawe alikosa, na kila mara mzee alinigusa bega, "Huyu leo ana nini? Nyumbani alining'iniza ringi ya baiskeli mtini, hakosi hata mara moja."

Basi zikabaki sekunde chache, tunaongoza kwa pointi moja. Yule mrefu akapewa mtupo mmoja. Akiingiza, tunalingana. Akikosa, tumeshinda. Kabla ya kurusha akageuka, akatazama jukwaani. Hakunitazama mimi. Alimtazama baba yake, aliyekaa katikati yetu kama mwenzetu, halafu akarudisha macho kwenye kikapu.

"Piga!" wenzangu wakaninong'oneza. "Piga shikamoo!"

Nikafumba mdomo. Hilo ndilo jema pekee nililolifanya siku ile, na nililifanya nimechelewa. Uwanja ukawa kimya, wote wananingoja. Mzee naye ananingoja. Nadhani aliniona nimeona haya, akaamua kunisaidia.

"Marahaba!" akaita, kwa nguvu zake zote.

Mpira ukagonga chuma, ukazunguka, ukatoka.

Nilibebwa. Naona aibu kusema kwamba nilibebwa, na kwamba kule juu niliinua mikono. Niliposhushwa, yule mrefu alikuwa ameshakuja upande wetu kumchukua baba yake. Nilijaribu kujipenyeza katikati ya watu, jambo ambalo kwa urefu wangu si gumu, lakini mzee alinishika mkono.

"Mwanangu, usimwache kijana huyu," akamwambia mwanawe. "Ana adabu. Ameniamkia mchezo mzima."

"Namjua, baba."

"Mshikane mikono, basi."

Tukashikana. Kiganja chake kilikuwa kimelowa jasho. Nilingoja anifichue, hata nilitamani anifichue, nipewe kibao yaishe. Akaniachia tu, akachukua begi la mzee.

"Tunakwenda," akasema. "Muage baba."

Wenzangu nyuma yangu bado wanaimba. Nikainamisha kichwa, nikasema polepole, "Shikamoo, mzee."

"Marahaba!" akaitikia, kwa sauti ileile, na furaha ileile, kama ya mara zote zile. Yeye hakusikia tofauti yoyote. Mwanawe alisimama akamsubiri amalize.