Picha ya Mama wa Stesheni

Juzi nilishuka Makambako kwa shughuli ya nusu saa, nikajikuta nimepoteza saa mbili nikizunguka banda moja nyuma ya soko, upande wa kuelekea relini. Sikuwa nimelisahau lilipo. Macho tu ndiyo yalikuwa yanakataa. Sasa ni ghala la makreti ya parachichi. Mlinzi aliniuliza kama nimeleta mzigo, nikamwambia hapa zamani tulikuwa tunaangalia picha. Akaitikia kwa adabu, kisha akaniomba nisogee, gari lilikuwa linataka kugeuza.

Wewe unanijua. Ugonjwa wangu ni picha, na ubishi wangu kuhusu picha umeshanivunjia urafiki na watu wazima wenye akili zao. Mpaka kesho nitasema picha za mateke zilianza kufa siku walipoanza kuning'iniza watu kwa kamba wakaruka juu ya mapaa. Zile za zamani mtu akirushwa ukutani ulijua kabisa kesho yake hakuamka. Picha za jeshi, ambazo mtu mmoja anamaliza kambi nzima na shati limechanika bega moja tu, mimi huzilalia usingizi. Picha zetu za nyumbani nazipenda na zinanikera kwa pamoja: waigizaji wanajua kulia, lakini mtu akipokea simu anaongea mpaka chai inapoa, na sisi tunatazama pazia. Na ukiniuliza ni picha gani bora kuliko zote nilizowahi kuona, nitakujibu bila kusita, ila jina lake silijui.

Bandani hakuna aliyejua jina la picha yoyote. Kanda zilikuja hazina maganda, au zina ganda la picha nyingine, na majina tulizipa wenyewe. Kulikuwa na Picha ya Nyoka, Picha ya Jaji Mlevi, Picha ya Kaka Wawili sehemu ya kwanza, ambayo sehemu ya pili haikuwahi kufika. Kulikuwa na moja iliyoingia kwa bahati mbaya, tukaiita Picha ya Jogoo: mzee, jogoo wake, kilima na upepo, basi. Hakuna aliyepigwa wala aliyeoa. Watu walizomea mpaka ikatolewa, na sijaiona tena. Kwa maoni yangu ile ilikuwa kazi ya mtu aliyejua anachofanya, na nusu ya picha zinazopewa tuzo leo haziifikii. Lakini hata hiyo si picha ninayoisema.

Ninayoisema ilikuwa ya Kihindi, tukaiita Picha ya Mama wa Stesheni. Na huwezi kuielewa mpaka nikueleze kuhusu mtafsiri.

Mtafsiri alikaa kwenye kigoda pembeni ya televisheni, kipaza sauti mkononi, koti la mvua mwilini hata jua likiwaka. Alipunguza sauti ya kanda akaweka yake. Kila mtu kwenye picha alikuwa ni yeye: steringi, adui, mchumba, mtoto mchanga. Miji ya mbali aliibadilisha ikawa ya kwetu. Treni ya Wahindi ilipita Mlimba, ikalala Makambako, ikaendelea Tunduma. Adui tajiri alimpa lafudhi ya wafanyabiashara wa Makete, na Wakinga, watu wa huko, waliokuwemo bandani ndio waliocheka kuliko sisi wote. Akinamama wa kwenye picha waliongea Kiswahili, wakikasirika wakaongea Kibena. Jenereta lilinguruma nje, harufu ya petroli ikachanganyika na ya mahindi ya kuchoma na makoti yaliyolowa, na sisi tukakaa kwenye mabenchi magoti yamegusana. Kulikuwa na sheria moja tu ambayo kila mtoto wa Makambako aliijua: steringi hafi.

Mimi nililelewa na bibi yangu, mzaa baba, kule Kitandililo. Kila Jumamosi tulishuka sokoni na viazi na maharage. Saa nane mchana bibi alimwachia jirani kilichobaki, akanishika mkono tukaingia bandani. Wenzake kanisani walimsema. Yeye aliwajibu kwamba na wao wanakwenda kusikiliza habari za watu wasiowajua.

Picha yenyewe ilikuwa hivi. Mama mjane ana mtoto mmoja wa kiume. Mtoto anapanda treni kwenda kutafuta kazi migodini, na mama anakuja stesheni kila siku kumngoja. Miaka inapita, nywele zinakuwa nyeupe. Mwisho kabisa treni inasimama, anashuka kijana mwenye kifurushi, mama anamtazama, anamkumbatia, analia mpaka anakaa chini. Hapo mtafsiri alisimama kabisa kwenye kigoda chake na kusema kwa sauti ya kijana: "Mama, nimerudi. Nilichelewa, lakini nimerudi." Banda zima lililia. Wanaume walijifanya wanakohoa.

Bibi hakulia. Aliniminya mkono tu. Kwa sababu kitinda mimba wake, baba yangu mdogo, naye alipanda treni hapo hapo Makambako kwenda kutafuta kazi upande wa Zambia, na tangu mimi sijaanza shule hakuwa ameleta hata salamu. Ukoo ulishakata tamaa. Mara kwa mara wazee walikuja nyumbani, wakanywa ulanzi, wakamwambia kwa upole kwamba imetosha, amlilie mtoto wake, akae matanga, roho ya kijana ipumzike na yake ipumzike. Bibi aliwasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema mwanawe amechelewa tu. Koti la mwanawe lilining'inia nyuma ya mlango, na kila kiangazi alilianika. Jumamosi akimwona mtafsiri alimsalimia, "Kamwene," kisha akamuuliza kama leo yule mama yupo. Mtafsiri alijitahidi yule mama awepo angalau mara moja kwa mwezi.

Nikafaulu, nikaenda sekondari Njombe mjini. Huko kulikuwa na mwalimu wa Kiingereza niliyemwogopa na kumpenda. Alikuwa akituambia asiyetafsiri neno kwa neno ni mwongo, aseme asemavyo. Nikalishika hilo kama dini. Nilirudi likizo ya mwezi wa sita ya kidato cha pili, ile baridi ya kwetu inayogandisha maji kwenye karai asubuhi, na kichwa changu kilikuwa kimevimba kweli kweli.

Jumamosi ile yule mama alikuwepo. Na kwa mara ya kwanza nikagundua kitu ambacho macho yangu yalikuwa yanakipita miaka yote: chini ya picha kulikuwa na maandishi meupe, ya Kiingereza. Nikaanza kuyasoma. Mwanzoni nilicheka kimoyomoyo, maana mtafsiri alikuwa anazungumzia bei ya mbolea wakati watu wanazungumzia mahari. Nikaendelea kusoma. Tukafika mwisho, treni ikasimama, kijana akashuka na kifurushi. Maandishi yakasema yeye ni rafiki wa mwanawe. Yakasema tulimzika sisi wenyewe, mama, mgodi ulimwangukia, nimekuletea nguo zake. Na mtafsiri, kasimama kwenye kigoda, anasema, "Mama, nimerudi."

Ningenyamaza. Mpaka leo najiambia ningenyamaza tu, na sikuwa na shida yoyote ya kusema. Lakini njiani, tukipandisha Kitandililo, bibi aliniuliza kwa fahari ya mtu aliyemsomesha mtoto, "Yale maandishi yanayopita chini, sasa unayasoma?"

"Nayasoma, bibi."

"Yanasemaje?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, kwa mpangilio, na sikuruka kitu. Nilikuwa nangoja anisifu.

Alitembea kidogo. "Mbona mtafsiri anasema karudi?"

"Mtafsiri hajui Kihindi, bibi. Na Kiingereza hajui. Anatunga tu."

"Haya," alisema. Akahamisha ndoo kutoka kichwani, akaibeba mkononi mpaka nyumbani. Alipika ugali na maharage kama siku zote. Mimi nilikula nikashiba, na hilo silisahau.

Wiki hiyo hiyo aliwaita wazee akawaambia wafanye. Matanga yakakaliwa siku tatu, bila mwili na bila kaburi. Majirani walileta unga na kuni, mchungaji akaomba, wanawake wakaimba. Bibi alilia kwa sauti ambayo sikujua anayo, kilio cha miaka yote aliyokuwa amekizuia. Siku ya tatu nguo za marehemu zikagawiwa, na lile koti akapewa jirani. Mtafsiri alikuja kutoa pole, akasikia hapo hapo nilichomsomea bibi. Aliponikuta nyuma ya nyumba nikiosha sahani alisimama akanitazama, koti lake la mvua limelowa mabegani.

"Mwanangu," aliniuliza, "kwani nani alikutuma?"

Nikainamia sahani. Bibi hakuingia tena bandani, na hakuwahi kunilaumu hata kwa nusu neno. Ningeshukuru kama angenilaumu.

Miaka minne baadaye nilikuwa nyumbani nikingoja majibu ya kidato cha sita. Bibi alikuwa uani anachambua maharage kwenye ungo. Akaingia mwanaume mwenye begi, amekonda, nywele zimeanza mvi, akasimama kwenye safu ya maua ambayo bibi aliiita uzio wake.

"Kamwene, mama."

Bibi akanyanyua uso. "Kamwene, mgeni. Karibu."

Yule mtu akacheka. "Mama, ni mimi."

Bibi alimtazama sana, uso mzima, kutoka kwenye nywele mpaka kwenye viatu. Usidhani alikuwa amechanganyikiwa. Alikuwa anajua kila kuku wake kwa mwendo. "Mwanangu nimeshamlilia, kijana," alisema taratibu. "Kaa ule."

Baba alikuja, shangazi zangu walikuja, wazee walikuja. Walimweleza, wakamwonyesha kovu la utotoni mguuni. Bibi alikubali kila kitu walichosema. Lakini chakula alimwekea pembeni, kwenye sahani ya wageni, akamkaribisha kwanza kabla ya watu wa nyumbani, na kila asubuhi akamuuliza kama kitanda hakikumsumbua. Naamini alimjua. Kilichokuwa kimeisha ni ile sehemu yake ya kumpokea. Aliitumia yote siku zile tatu, na hakuweza kuipata tena alipoihitaji. Baba mdogo alivumilia miezi miwili, akahamia Songea. Sikuthubutu kumwambia kwa nini alililiwa. Hajui mpaka leo.

Bibi alipougua mara ya mwisho aliniita nimwandikie wasifu wake, ule unaosomwa msibani. Alisema, nikaandika. Alipofika kwa watoto alitaja watano, na wa mwisho akasema alitangulia kufariki. Kalamu ilisimama. Akanitazama, nikaandika. Nilijua siku ikifika nitabadilisha mstari ule mmoja, kitu rahisi, mtafsiri alifanya makubwa kuliko hayo kila Jumamosi.

Siku ikafika. Baba mdogo alisafiri usiku kucha kutoka Songea, akasimama mbele pamoja na ndugu zake. Nikaanza kusoma. Nilipofika pale nikafungua mdomo kusema uongo, na sauti haikutoka. Nilijaribu tena. Watu wakadhani ni kilio, wakaanza kuniambia jikaze. Baba mdogo naye alidhani hivyo hivyo. Akanisogelea, akanishika bega, akaichukua karatasi mkononi mwangu kwa upole ili anisaidie, akaendelea kusoma kwa sauti kubwa. Akasoma kwamba marehemu alijaliwa watoto watano. Akasoma jina lake mwenyewe, na kwamba alitangulia kufariki. Akasoma ameacha watoto wanne, akasoma wajukuu, akasoma mpaka chini, akakunja karatasi na kunirudishia.

Banda ni ghala sasa. Mtafsiri alihama, wengine wanasema yuko Kifanya, wengine wanasema alishafariki. Picha yenyewe nimeitafuta kwenye simu miaka na miaka, na bila jina unatafuta nini? Siku hizi kila picha ina maandishi, ya lugha yoyote unayotaka, unachagua kwa kidole. Watu husifu maendeleo hayo, na mimi mwenyewe kwenye ubishi wetu ndiye ninayesema picha iangaliwe kama ilivyotengenezwa. Nasema hivyo kwa sababu ndivyo ninavyoamini. Kisha narudi nyumbani, na ningetoa chochote nilicho nacho nikae tena kwenye benchi lile, mkono wangu umeminywa, nisikie uongo ule mara moja tu, nikiwa bado sijui kusoma.