Mama ameskia neno lililonishinda

Leo nimefunzwa kazi na mama yangu mzazi.

Mnajua naandika maneno ambayo madaktari wamerekodi kwa sauti, na nalipwa kwa dakika za sauti, si kwa masaa nimekaa. Sasa leo kulikuwa na sauti ya dakika nne, daktari anaongea ni kama ametafuna ugali. Neno moja likanishinda. Nikalirudisha saa nzima, na malipo ni ya dakika nne tu!

Mama akaleta chai, akanichomoa earphone moja. (Najua hairuhusiwi mtu mwingine kusikiza, ni siri za wagonjwa, msiniripoti.) Akasikiza mara moja.

"Si anasema henia? Kwani babako alipasuliwa nini?"

Nikaandika nikiwa nimeinamisha kichwa.

Akaniangalia kwa huruma. "Na wewe ndiye wanalipa?"

Nyinyi mngemjibu aje?