Dalali wa Vito Aliyewauzia Watoto Karoti

Habari za kifo cha jirani yangu zilinikuta mashineni, hapa mtaani Lizaboni, Songea, nikisubiri mahindi yangu yasagwe. "Yule mzee wa mawe ametutoka," alisema mama mmoja, na mwenzake akaitikia, "Innalillahi." Marehemu alikuwa dalali wa vito Tunduru kwa miaka mingi, kisha uzeeni akahamia huku kwa bintiye. Mimi namkumbuka kwa biashara nyingine. Wakati nikihubiri katika safu hii ya gazeti faida za mboga na matunda, nyumbani binti yangu wa miaka minne alikuwa hali chochote zaidi ya ugali na chai. Muuguzi wa kliniki akatuonya kwamba uzito wake unashuka. Nilimkalisha mtoto nikamhutubia juu ya vitamini, herufi baada ya herufi. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akafunga mdomo.

Mke wangu, aliyechoka na hotuba zangu, ndiye aliyempeleka barazani kwa mzee, ambako wajukuu zake walikuwa wakicheza soko la vito. Siku moja nikawafuata. Mzee alikuwa ametandika kitambaa cheusi na kupanga juu yake vipande vya karoti, papai, tango, hoho na mboga nyingine, akivimulika kwa tochi yake ya kazi. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwandishi. Karibu sokoni, wewe ni tajiri kutoka nje." Watoto waligeuza vipande, wakalalamika vina nyufa, wakapatana bei kwa kokoto. "Jiwe halipimwi kwa macho," alisema mzee. "Tia jinoni!" Wakatafuna. Nami, kwa kiburi cha tajiri, nikachagua jiwe la kijani lililofifia. Lilikuwa nyanya chungu ya kuchemsha, kitu ambacho tangu utotoni nakificha chini ya mifupa sahanini. "Hili nitalipimia nyumbani," nikasema. Binti yangu alikuwa ameshika kipande cha karoti karibu na midomo. Akakishusha. Mzee akaninong'oneza, "Ukikataa, mwandishi, soko limefungwa." Nikatafuna. Machozi yalinitoka, nikameza kama mgonjwa anayemeza kwinini. Mtoto wangu akacheka mpaka akakaa chini, kisha akala karoti yake yote na kudai jiwe jingine.

Hakuwa mlaji wa mboga siku ileile. Zilipita wiki za soko, na siku nyingine alitema. Lakini uzito ulipanda, hata muuguzi akauliza nimempa dawa gani. Tumefundishwa kwamba mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, tukadhani kulea ni kusema. Tunamwamrisha mtoto ale mchicha "kwa afya yake", kana kwamba mtu wa miaka minne ana mipango na afya yake, huku sisi wenyewe tukiusukuma pembeni mwa sahani. Tuliomzika mzee tulikuwa watu wazima wengi wenye maneno mazuri; yeye alikuwa na kitambaa, tochi na mchezo. Anayetaka mtoto ale, na aketi chini naye, acheze, kisha atangulie kutafuna.