Asta za Mama Zilivyoikubali Ilomba

Mwezi wa tano ukipita mtaa wetu wa Ilomba, hapa Mbeya, kwa miguu, utapunguza mwendo ukifika mbele ya nyumba yangu. Nalisema hilo bila aibu. Wanaokwenda sokoni husimama, wanafunzi huchungulia juu ya ukuta, na dereva mmoja wa bajaji aliwahi kuzima injini akauliza kama hapa kuna harusi. Hakuna harusi. Kuna asta, maua ya zambarau yenye kiini cha njano, zimejaa kuanzia getini hadi kwenye ngazi za baraza, na nyuki wanazigombania tangu jua linapochomoza.

Mimi ni fundi seremala. Nilichekwa sana kwa ajili ya maua haya. Mwanamume mzima, mikono ya kushika randa, ameinama anapapasa majani! Jirani yangu wa ng'ambo ya barabara aliniuliza mbele za watu kama nimeacha useremala nimekuwa bibi harusi. Leo hao hao waliocheka wanakuja kuomba miche, nami nawapa, ila kwanza nawaacha wasimame kidogo getini ili wakumbuke.

Maua yenyewe ni ya mama. Alipokuwa binti alipalilia bustani ya masista wa misheni, kule vijijini upande wa Mafinga, na siku aliyoacha kazi akaolewa, sista mmoja alimchimbia kishina akamfungia kwenye jani la mgomba. Kijijini kwetu hakuna aliyekuwa anapanda maua mlangoni. Mlangoni ni pa kuanikia mahindi. Mama akazipanda asta kandokando ya njia ya kwenda kisimani, baba akanung'unika, mama akajifanya hasikii, na hivyo ndivyo walivyoishi mpaka baba akafariki.

Asta za aina hii hazipandwi kwa mbegu kila mwaka. Zikimaliza kuchanua, shina linakauka kwenye baridi ya mwezi wa sita na wa saba, unalikata mpaka chini, na mtu asiyejua atadhani pamekufa. Kumbe chini yake vichipukizi vinatambaa pembeni. Mvua za kwanza zikinukia, mama alikuwa anachimba tuta zima, anapasua kwa jembe, anachukua vichipukizi vya pembeni na kutupa sehemu ya katikati. Nilipokuwa mtoto nilimwonea huruma yule aliyetupwa.

"Huyu amezeeka," mama alinijibu. "Ukimwacha katikati atakaa tu, anakula mbolea ya wenzake."

Basi mama mwenyewe akazeeka. Mdogo wangu, ambaye ndiye aliyebaki kwenye mji wetu kijijini, anafanya kazi kiwanda cha mbao, anatoka gizani na kurudi gizani. Alikuwa amebomoa nyumba ya zamani akajenga mpya, nzuri kwa kweli, na uwanja wote akautandazia matofali ya saruji. Siku moja mama aliteleza juu ya matofali hayo akavunjika nyonga. Alilala pale pale mpaka jioni, akiita, hakuna wa kumsikia. Alipotoka hospitali nikasema haiwezekani, mama anakuja kukaa kwangu.

Alikuja kwenye lori aina ya Kanta nililokuwa nimepakia mbao, amekaa mbele na dereva, na mapajani beseni la udongo lenye vishina vya asta. Ndivyo vilivyokuwa vimebaki. Vingine vyote viko chini ya matofali ya mdogo wangu mpaka leo. Aliposhushwa, kabla hajanywa hata maji, alitoa masharti.

"Hizi nazipanda hapa. Zikikubali, na mimi nitajua hapa panakalika. Zikikataa, mtanirudisha kwetu, na mtu asinibembeleze."

Mke wangu akaniangalia. Ile sehemu ya mbele ilikuwa shamba lake la figiri na chainizi. Mke wangu ni Mnyakyusa, hajui kuacha ardhi wazi, lakini aling'oa mboga zake mwenyewe asubuhi iliyofuata. Hilo sitalisahau.

Tukapanda. Nami ndipo nilipoanza kuogopa, maana nilimjua mama. Akisema atarudi, atarudi, hata kama ni kutambaa. Na kule angerudi kukaa peke yake kutwa nzima juu ya yale matofali, na nyonga ile.

Mwaka wa kwanza asta ziliota kwa kiburi. Majani ya kijani kibichi, mashina yakanifika kifuani, nikayafungia vijiti vya mabaki ya mbao yasianguke. Mahindi yakakauka mashambani, wakati ambao kule kwetu njia ya kisimani ilikuwa zambarau tupu, na hapa hakuna hata kitumba. Lilichanua shina moja tu, lililokuwa limejipenyeza nyuma ya tangi la maji, kwenye kona. Mama alilitazama muda mrefu.

"Hili linanicheka," akasema.

Ndipo tulipoanza kutafuta mchawi. Mama alisema ni udongo, kwamba udongo wa Mbeya umezoea viazi na haujui maua. Mimi nilisema ni baridi. Nikaleta maranda ya msonobari kutoka karakana yangu nikayatandaza kwenye mashina unene wa kiganja, nikiona nimepata akili ya kifundi, na majani yote yakawa ya njano kama mtu mwenye homa ya manjano. Mama alinitukana kwa Kihehe mpaka mke wangu, asiyekijua, akaelewa. Nikayazoa maranda yote kwa mikono. Nikaweka samadi iliyooza vizuri, nikaacha kumwagilia juu ya majani kwa sababu ugonjwa wa ubwiri unga ulikuwa umeanza kuyapaka weupe, nikawa namwagilia chini tu, asubuhi. Na mama akanionyesha kukata ncha za machipukizi yakifika urefu wa shibiri, ili shina moja litoe matawi mengi. Kukata kitu unachosubiri kichanue kunahitaji moyo. Nilikata.

"Nawapa msimu mmoja mwingine," mama alisema. Alisema "nawapa", sikujua kama ni maua au sisi.

Msimu wa pili ulipofika, vichaka vilikuwa vinene, vimejaa matawi, afya tele. Kila asubuhi mama alitoka na mkongojo wake, akafunua majani kwa ncha ya ule mkongojo, akakagua, akarudi ndani bila kuniangalia. Majirani walimsalimia kwa Kinyakyusa, "Ugonile, bibi," naye aliwajibu kwa Kihehe, "Kamwene", kwa ukaidi, kama mtu aliyeko stendi anayesubiri basi lake. Mwezi wa tatu ulipokaribia kuisha alisema, "Kwetu saa hizi zina vitumba." Jioni hiyo nilimsikia kwenye simu akimwambia mdogo wangu aandae chumba, aje kumchukua mwezi wa tano, barabara zikikauka.

Nilikasirika. Nilimkasirikia mdogo wangu kwa kuitikia, nikamkasirikia mama, nikazikasirikia asta kuliko wote. Nilisimama pale mbele nikazisema kwa sauti. Nilikuwa nazilisha, nazinywesha, nimezifungia mbao ambazo wengine wananunua, na shukrani yake ndiyo hii? Mke wangu alitoka akanishika mkono akaniingiza ndani kabla mtaa haujajaa.

Halafu radi ikapiga transfoma.

Ilikuwa moja ya zile mvua za mwisho za masika zinazokuja na hasira. Ulisikika mlipuko mmoja, na mtaa mzima ukawa giza. Tukadhani ni jambo la siku mbili. Watu wa umeme walikuja, wakatazama juu, wakaondoka. Wiki zikapita. Vinyozi walihamia mtaa wa pili, jirani yangu wa ng'ambo alitupa nyama iliyooza kwenye friji huku akilaani ukoo mzima wa transfoma, na mimi nilirudia randa ya mkono na msumeno wa mkono mpaka mabega yakawaka moto. Sikuwa na muda wa kuangalia maua ya mtu.

Asubuhi moja, nikiwa karakana, nikasikia mama anapiga kelele. Nilitupa msumeno nikakimbia, nikijua ameanguka tena. Nilimkuta amesimama katikati ya asta, mkongojo umelala chini, ameshika tawi kwa mikono yote miwili.

"Njoo uone! We njoo uone hapa!"

Vitumba. Vidogo kama punje za mtama, kila ncha, kila tawi, kuanzia getini hadi kwenye ngazi. Kwa kuwa tulikuwa tumekata ncha, kila shina lilikuwa na matawi yasiyohesabika na kila tawi na vitumba vyake. Nilicheka kama mwendawazimu. Mke wangu alitoka na mikono ya unga akapiga vigelegele, na mwanamke wa nyumba ya pili akapokea bila kujua kuna nini.

Lakini kwa nini? Mimi nilidai ni samadi yangu. Mama alidai ni kukata ncha. Tulibishana siku kadhaa kwa raha sana, mpaka jioni ile umeme uliporudi. Mtaa wote ulipiga yowe, watoto wakaimba, na ile taa kubwa niliyoifunga mbele ya nyumba tangu tulipoibiwa kuku, ambayo huwaka usiku kucha kama taa za nyumba zote za Ilomba, ikawaka ikamulika asta zote kama mchana kweupe. Asta zote, isipokuwa kona moja yenye giza. Nyuma ya tangi la maji.

Nilipiga paja kofi.

"Mama," nikasema, "kule kijijini zilikuwa zinalala."

Mama alitazama taa, akatazama kona ya tangi, akatazama tena taa. Kule kwetu usiku ulikuwa usiku. Hakuna aliyewahi kuiwashia asta taa, kwa hiyo hakuna aliyewahi kujua kwamba ikinyimwa giza haichanui.

"Na wewe umeimulika miaka miwili," akasema taratibu. "Kama mwizi."

Nilipanda kwenye stuli nikafungua balbu pale pale. Mke wangu akasema wezi watatumaliza. Nikamwambia nitalala barazani na panga ikibidi. Sikulala barazani, tuseme ukweli, nilinunua mbwa. Lakini ilibaki taa ya jirani, ile iliyokuwa inavuka barabara na kuingia kwangu bila hodi. Nilikwenda kugonga.

"Fundi," akasema, "unataka nizime taa ili maua yapate usingizi?"

"Ndiyo."

"Na mashuka umeyatandikia?"

Alicheka mpaka akakaa chini. Nikamwacha amalize. Kisha nikarudi karakana nikamtengenezea kofia ya mbao, nimeipiga randa vizuri na kuipaka rangi, nikaifunga juu ya taa yake hivi kwamba mwanga ukaanguka kwenye mlango wake tu. Akakiri mwenyewe kwamba sasa anaona tundu la kufuli vizuri kuliko zamani. Nami nilirudi nyumbani nimekenua meno kama niliyeshinda uchaguzi.

Mwezi wa tano zilifunguka. Hazikufunguka zote kwa mpigo. Siku ya kwanza madoa machache, siku ya pili pembe nzima, na mwisho wa wiki hapakuonekana jani. Nilikuwa nimesahau rangi ile. Nilikuwa nimeiona utotoni kila mwaka bila kuiangalia, na sasa nilivuta kiti nikakaa mbele yake asubuhi nzima, karakana imefungwa, wateja wananipigia simu, sipokei. Nilijisikia tajiri. Yule jirani alikuja akasimama, akavua kofia akaikunja mkononi, akasema, "Aisee fundi."

Jumamosi moja mdogo wangu akafika na gari kumchukua mama, kama walivyopatana. Hakuna aliyekuwa amemwambia asije. Mimi sikuthubutu kumuuliza mama, maana sharti lilikuwa lake na jibu lilikuwa lake, na tangu vitumba vitokee hakuwa amelitaja.

Mama alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya maua, anakata yaliyonyauka na kuyatia kwenye beseni. Mdogo wangu akamwamkia, akasifia maua, akazunguka zunguka, mwishowe akasema chumba kiko tayari, kimepakwa rangi, na kitanda kipya.

"Asante, baba," mama akasema. Hakuacha kukata. "Mvua za kwanza zikianza, ng'oa yale matofali ya pale mlangoni kwako. Usiyang'oe yote, ng'oa mstari mmoja. Nitakuja na vichipukizi nikupandie, maana wewe hujui kupanda."

"Utakuja? Kwa hiyo leo huendi?"

"Niende wapi saa hizi, maua yakiwa hivi? Nitakuja nikupandie, nilale siku chache kwenye hicho kitanda kipya, halafu utanirudisha nyumbani."

Mdogo wangu akaniangalia, akamwangalia mama.

"Nyumbani wapi, mama?"

Mama aliinua mkasi na kuuelekeza kwenye mlango wangu.