Nyumba Huonyeshwa Wakati wa Mvua

Siku ile walikuwepo baba mkubwa aliyetoka Miti, shangazi aliyetoka Kamanyola, katekista wa mtaa wetu, jirani yetu aliyekuwa komisioneri, yaani dalali wa nyumba, pamoja na binti yake, wadogo zangu wawili wa kiume, mdogo wetu wa mwisho ambaye alikuwa hajaanza kutambaa, na mimi. Mama tulikuwa tumemzika. Baba alikuwa ametangulia kabla mdogo wetu hajazaliwa. Tulikuwa tunaondoa matanga, na kwetu siku hiyo ndiyo wakubwa hukaa kugawana watoto.

Niliwakumbuka wote wiki iliyopita nikiwa mtaa wa Nguba, nimejikinga kwenye kibanda cha mlinzi, namsubiri mpangaji aje kuona nyumba. Mvua ilikuwa inanyesha na mimi natarizi zangu. Mlinzi akaniuliza kwa nini sikumwambia mteja wangu angoje ikatike. Nikacheka. Ungemjua yule jirani yetu, nawe ungecheka.

Baba mkubwa hakuwa mtu mbaya. Alikuja na kuku na mkungu wa ndizi, na aliongea polepole kama mtu aliyefikiri njia nzima. Wavulana wangekwenda naye Miti kumsaidia shambani. Mtoto angechukuliwa na shangazi. Mimi, kwa sababu nilikuwa mkubwa, nilikuwa nimetafutiwa familia moja mjini nikalee watoto wao. Nilisikiliza huku nimempakata mdogo wetu, na nilimbana mpaka akaanza kulia.

Jirani yetu alikuwa amekaa karibu na mlango, kitambaa chake cha kutarizi mapajani. "Hawa batoto banazoeana," akasema. "Mukibatenganisha leo, ni kama munamuzika mama yabo tena."

"Maman, weye unapangishaka nyumba za bantu," baba mkubwa akajibu. "Leo unataka kupangisha na batoto? Na komisio yako itakuwa nini?"

Watu walicheka, hata shangazi ambaye alikuwa bado analia.

"Komisio yangu ni huyu mukubwa," akasema, akanishika bega. "Atatembea na miye."

Katekista akamwangalia baba mkubwa. Baba mkubwa akaangalia paa letu la bati. Mwishowe akakubali, lakini akaweka sharti: msimu wa mvua ukiisha angerudi, na kama angetukuta tunashinda na njaa, angeondoka na wavulana. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Jumatatu iliyofuata wadogo zangu walikwenda shule, mimi nikashuka mjini nyuma ya maman komisioneri. Darasani sikurudi tena.

Makomisioneri wengine walipenda jua. Wakati wa jua ukuta unang'aa na ziwa linapendeza, mpangaji anasaini haraka. Yeye alingoja mawingu yakusanyike juu ya Kadutu, ndipo achukue mwavuli. Wenzake walimwita maman mvua, na aliitika. "Mutu anapangaka nyumba, hapangake jua," aliwaambia. Kwenye mvua unaona bati linavuja wapi, maji ya jirani yanaingilia mlango gani, na udongo wa mteremko unaanza kusogea upande upi. Sisi wa Bukavu tunajua udongo unavyoweza kuondoka na nyumba na waliomo. Alipoteza wateja wengi kwa namna ile. Waliobaki walileta ndugu zao.

Tukisubiri kwenye mageti alitarizi. Zile nyumba za zamani za kando ya ziwa zilikuwa na vyuma vya madirisha vilivyokunjwa kwa ufundi, vingine kama majani, vingine kama mawimbi. Kila nyumba aliyoipangisha, alihamisha dirisha lake kwenye kitambaa. Alinipa sindano na uzi uliobaki, akaniambia nitazame dirisha mpaka niweze kulishona nimefumba macho. Vidole vyangu vilivimba. Lakini nakwambia, katika ile miezi ya kilio, vile vyuma ndivyo vilivyonituliza.

Jioni nilirudi nimelowa, na kabla ya kufika mlangoni nilisikia harufu ya sambaza, dagaa wa ziwa letu, zikikaangwa na sauti ya wadogo zangu wakibishana juu ya hesabu. Nilisonga fufu, ugali wetu wa muhogo, nikafua nepi za mtoto, nikapanga madaftari ya wavulana kwenye mfuko. Nilikuwa mama kabla sijawa mwanamke, na nilijivunia bila kumwambia mtu.

Baba mkubwa alirudi kama alivyosema, na gunia tupu la kutia nguo za wavulana. Mimi nilikuwa mjini kazini. Nilipoingia nilimkuta anakula. Kitambaa changu cha kwanza kilikuwa kimetandikwa mezani, na alikuwa amesogeza sahani pembeni ili asikichafue.

"Nani alishona hii?"

"Ni yaya," wavulana wakajibu kwa pamoja, wakininyoshea kidole mimi dada yao mkubwa.

Akapitisha kidole juu ya yale majani ya uzi, akanawa mikono, akalikunja gunia lake na kuliweka kwapani. Mlangoni alisema tu, "Kesho kutwa nitabatumia maharage." Akapanda njia ya Miti peke yake.

Leo nina watoto watatu wa tumbo langu na watatu wa mama yangu. Mmoja wa wavulana ni muuguzi, mwingine anajenga nyumba, na yule mdogo yuko chuo kikuu. Mimi ni komisioneri, na ninaonyesha nyumba wakati wa mvua. Vile vyuma vimeng'olewa karibu vyote. Siku hizi wanaweka alumini na vioo vya bluu. Bustani zilizoteremka mpaka majini zimekatwa viwanja. Wateja wanataka picha kwenye simu. Maman komisioneri amelala makaburini, na miaka yake ya mwisho nilimwosha na kumlisha kwa mikono yangu. Kwake moyo wangu umetulia.

Ila binti yake. Tulikuwa rika moja. Ile miezi yote mimi nikitembea mjini na mama yake, mdogo wetu wa mwisho alikuwa mgongoni kwake, amefungwa kitenge, akienda naye mtoni, sokoni, na mara nyingi hata mlangoni mwa darasa ambako mwalimu alimrudisha. Mwaka ule alirudia darasa. Hakuna aliyemtaja siku ya kugawana, wala siku baba mkubwa alipoondoka na gunia tupu. Sasa anaishi Kamanyola na watoto wake. Kila akija namkalisha kwenye kiti kizuri na kujaribu kuanza maneno ya deni langu kwake, naye ananikata.

"Masheri, mupenzi wangu, deni gani? Mutoto alikuwa mwepesi tu."

Hakuwa mwepesi. Nilimbeba usiku, najua uzito wake. Bado sijalipa.